Noti Isiyofanana na Jirani Zake

Wilaya ya Rungwe ina mvua nyingi, na mvua na piano havipatani. Unyevu huvimbisha ubao unaovumisha sauti, nyaya zinakazika, noti zinapanda; kiangazi kikija zinashuka. Kwaya ya Nkunga inayotaka sauti ya piano itafanya vyema kununua kinanda cha umeme chenye piano iliyorekodiwa ndani. Hicho hakipandi wala kushuka kwa unyevu. Ila mpigaji mwenye sikio akipandisha noti moja moja, atakuta moja imetoka butu na inayofuata inang'aa kupita kiasi.

Piano ina vibonyezo 88. Ili kuokoa nafasi, vinanda vingi vya bei nafuu havina rekodi ya kila kimoja. Hurekodiwa noti moja kati ya tatu au nne, kisha huharakishwa au kupunguzwa mwendo ili kujaza pengo. Kupandisha noti kwa nusu toni tatu ni kuiharakisha kwa takribani asilimia 19. Noti inapanda sawa, lakini inapanda pamoja na mvumo wa ubao, ambao kwenye piano halisi haubanduki mahali pake. Ni sauti ya mtu kwenye kaseti inayokimbia. Rekodi moja inapokoma na nyingine kuanza, sikio linashtuka.

Mpaka mwingine ni wa nguvu ya kidole. Katika mfumo wa MIDI, uliotoka 1983, nguvu hiyo huandikwa kwa namba 1 hadi 127. Kinanda chenye rekodi tatu tu, ya pole, ya wastani na ya nguvu, kinaweza kuruka kutoka rekodi moja hadi nyingine kati ya 80 na 81. Wapigaji wengi hulaumu vidole vyao bure.

Tusiisingizie rekodi peke yake. Piano halisi nayo hubadilika pale nyaya za besi zilizosokotwa shaba zinapopisha nyaya tupu za chuma. Lakini haitoi mlio uleule mara mbili; kinanda hurudia kasoro ileile kila mara, na nadhani hilo ndilo linalochosha.

Kanisani huingia waya na jengo. Piano hurekodiwa kwa maikrofoni mbili, kushoto na kulia. Pande hizo zikiunganishwa katika spika moja, mawimbi ya baadhi ya noti hukinzana na kufifishana. Kama kinanda kina piano iliyoandaliwa kwa spika moja, chagua hiyo; la sivyo, mwambie fundi mitambo afunge upande mmoja kwenye mikisa. Kuta nazo: zikiachana mita 8, zinavumisha mawimbi ya karibu hezi 64, na C ya oktavu mbili chini ya C ya kati ina hezi 65. Noti hiyo itanguruma hata rekodi ikiwa safi.

Kujua mkosaji, vaa hedifoni: kasoro ikitoweka, ni spika, waya zake au ukumbi. Ikibaki, pandisha ufunguo wa kinanda kwa nusu toni. Kasoro ikihamia kibonyezo cha kushoto, ni rekodi, na hakuna fundi wa Tukuyu atakayeitibu. Ikibaki kwenye kibonyezo kilekile, huenda vumbi limeingia kwenye mpira wenye migusano miwili, ambayo kinanda hupimia kasi ya kidole. Hilo ni la kufungua na kusafisha.