Mustang yenye mileji ndogo: hakikisha kwanza, pesa baadaye

Tangazo lenyewe wengi wetu tumeliona. Ford Mustang nyekundu, paa limekunjwa nyuma, viti vya ngozi, rimu zinang'aa. Chini yake maneno machache: "Mileji 14,000 pekee. Mwenyewe anahama nchi. Bei ya haraka." Tangazo hilo hufika Lodwar na Kakuma dakika ile ile linapofika Nairobi. Lakini mtu wa Nairobi anaweza kupanda matatu akalione gari jioni hiyo hiyo. Wewe wa Lodwar uko takriban kilomita 700 kutoka huko, na wa Kakuma aongeze kama 120 nyingine. Ndiyo maana kwa wateja wetu wa Turkana, kinachosafiri kwanza mara nyingi ni pesa. Mwenye pesa hufuata baadaye, na wakati mwingine anakuta hakuna gari.

Hatumcheki anayetaka gari la namna hii. Kuna anayeweka akiba kwa mbuzi, kuna wa ploti, na kuna anayetaka gari la kuhifadhi: la kutolewa siku ya harusi, la kufurahia, na labda la kuuzwa kwa bei nzuri baada ya miaka. Ila gari hilo lina mitego yake, na mingi imejificha nyuma ya hiyo namba moja ya mileji. Twende pole pole.

Lile la ndugu yako Marekani

Familia nyingi zimehamishiwa Marekani kutoka Kakuma tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992. Kwa hivyo si ajabu kupata simu ya ndugu: "Huku Mustang ziko bei poa, nikununulie moja nikutumie?"

Mshukuru, halafu mwambie angoje. Kanuni za KEBS zinataka gari linaloingia Kenya liwe na usukani upande wa kulia, isipokuwa magari ya kazi maalum. Magari ya Marekani usukani wake uko kushoto. Pia lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025 mstari huo ulikuwa magari ya 2018 kuendelea, na mwaka 2026 ni ya 2019 kuendelea. Mustang ya miaka ya sitini, hata kama ni safi kama yai, haipiti kwenye mlango huo wa kawaida.

Bahati ni kwamba Ford ilianza kutengeneza Mustang ya usukani wa kulia kiwandani mwaka 2015, kwa ajili ya nchi kama Uingereza na Australia. Kwa hivyo Mustang ya paa la kukunja inayoweza kuingia Kenya kihalali, njia yake ya kawaida ni nchi hizo. Ukiambiwa "imetoka moja kwa moja Marekani" na usukani uko kulia, uliza maswali.

Piga hesabu ya ushuru mapema

KRA haiangalii bei aliyokupa muuzaji. Ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, halafu inapunguza kulingana na umri wa gari. Tuseme thamani ya forodha imetoka shilingi 1,000,000, na gari ni Mustang GT yenye injini ya V8 ya lita 5. Kwa viwango vya 2025:

- Ushuru wa forodha 35%: shilingi 350,000.
- Ushuru wa bidhaa 35%, kwa kuwa injini ya petroli imezidi lita 3. Unapigwa juu ya 1,350,000: shilingi 472,500.
- VAT 16%, juu ya 1,822,500: shilingi 291,600.

Hapo tayari ni shilingi 1,114,100, kabla ya ada nyingine za uagizaji, bandari, wakala wa forodha, usajili, bima na safari ya kulileta kaskazini. Kwa kila milioni ya thamani, serikali inataka zaidi ya milioni. Viwango hubadilika, kwa hivyo hakikisha vya mwaka wako. Lakini hesabu hii inakusaidia jambo moja leo: ukiona Mustang GT ya juzi juzi "ushuru umelipwa" kwa bei ya Probox, jua kuna kitu hakiko sawa.

Mileji ndogo ni madai, si ushahidi

Odometa inaweza kurudishwa nyuma na fundi mwenye kompyuta ndogo, na macho hayawezi kuona. Kinachoipa mileji thamani ni rekodi zilizoandikwa na watu wasiokuwa na faida kwenye mauzo.

Kwa gari lililotoka Uingereza, una bahati ya aina yake. Huko gari likifikisha miaka mitatu hupelekwa kila mwaka kwenye ukaguzi uitwao MOT, na kila mara mileji huandikwa. Historia hiyo iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao, bure, kwa yeyote aliye na nambari ya usajili ya Uingereza. Unaweza kuisoma ukiwa umekaa Kakuma. Tuseme inaonyesha maili 11,000 mwaka 2022, maili 19,500 mwaka 2023, maili 26,000 mwaka 2024. Kama tangazo linasema 14,000, mazungumzo yameisha.

Angalia pia kama ni maili au kilomita. Odometa ya Uingereza huhesabu maili. Namba 14,000 kwenye dashibodi hiyo ni kama kilomita 22,500. Muuzaji anayeandika "14,000" bila kusema ya nini amekuachia wewe ujidanganye.

Omba pia picha ya nambari ya chesisi. Ina herufi na tarakimu 17. Mustang iliyotengenezwa Marekani huanza na 1FA, na alama ya kumi hutaja mwaka wa modeli: J ni 2018, K ni 2019. Nambari hiyo lazima ifanane kwenye gari lenyewe, kwenye cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa, na kwenye logibuku. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, simama.

Halafu tazama vitu ambavyo mileji haisemi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kanyagio la breki lililolika na usukani uliong'aa kwa kushikwa havitoki kwenye gari la kilomita elfu chache.

Gari likikaa tu, nalo huzeeka

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa gari la kuhifadhi hukwama. Ukiliendesha, mileji inapanda na thamani yake inashuka. Usipoliendesha, raba zinakauka, betri inakufa, petroli inaharibika ndani ya tangi na breki zinashika kutu. Kwa hivyo gari la miaka sita lenye kilomita 6,000 linahitaji swali la pili: lilikuwa limekaa wapi, na nani alilitunza? Risiti za gereji, hata za kubadilisha oili tu, zina thamani kuliko maneno matamu.

Na hapa kwetu, fikiria mazingira. Joto la Lodwar ni la mwaka mzima, na vumbi haliombi ruhusa. Paa la Mustang ni la kitambaa. Jua huliumiza, na mchanga ukiingia kwenye mitambo ya kulikunja huikwaruza. Gari hili liko chini. Lami ya Lodwar hadi Kakuma litaipenda, lakini laga ya Kawalase au ya Tarach maji yakishuka ni habari nyingine. Kama huna banda lenye kivuli na fundi anayelijua, ongeza gharama hizo kwenye bei. Kuna watu wa Turkana ambao wangefanya vizuri kulihifadhi Eldoret au Nairobi, na hakuna aibu hapo.

Jina kwenye logibuku

Kama gari limeshasajiliwa Kenya, usikubali picha ya logibuku pekee. Ingia kwenye huduma za NTSA kupitia eCitizen ufanye utafutaji wa rekodi za gari. Ada yake imekuwa shilingi 550. Utaona mwenye gari, nambari ya chesisi, na kama kuna mdai aliyeandikishwa. Kwa kuwa gari la bei hii hununuliwa mara nyingi kwa mkopo, tafuta pia kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017. Nayo iko eCitizen.

Sheria ya Trafiki inasema mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vingine. Tunalisema hili hasa kwa wateja wa Kakuma ambao karatasi zao hazijakamilika na hununua mali kwa jina la rafiki. Urafiki ukivunjika, au rafiki akifariki, wewe ndiye wa kuthibitisha mahakamani. Kama lazima iwe hivyo, andikisheni makubaliano mbele ya wakili kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.

Sasa, pesa

Ujumbe hufanana sana: "Boss, kuna mtu anakuja na keshi saa nane. Nitumie hata thelathini nikushikie." Hiyo thelathini elfu ndiyo biashara yenyewe. Matapeli wengi hawahitaji milioni zako. Wanahitaji watu kumi wa mbali, kila mmoja na pesa yake ya kushikilia.

Fanya hivi:

1. Usitume chochote kabla mtu unayemwamini hajaligusa gari. Mlipe fundi wa Nairobi au Mombasa aende kulikagua, na mchague wewe mwenyewe. Usikubali wa muuzaji.
2. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likitofautiana na la logibuku, ghairi. "Ni namba ya mke wangu" si jibu.
3. Kumbuka kikomo. Pesa za simu kwa sasa ni hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Muuzaji anayekutaka ugawanye milioni mbili kwa namba tano tofauti anaficha kitu. Sisi ni kampuni ya pesa za simu na tunakuambia wazi: malipo makubwa ya gari yapitie benki, kwa RTGS, na ikiwezekana yashikwe na wakili hadi uhamisho wa umiliki ukamilike.
4. Uhamisho ufanywe kwenye akaunti za NTSA za pande zote mbili, muuzaji aanzishe na wewe ukubali. Karatasi iliyosainiwa tu haitoshi.
5. Ukishatuma kimakosa au ukagundua umedanganywa, tupigie saa hiyo hiyo. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji, kuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, nafasi hiyo imekwisha, na kinachobaki ni kuandikisha ripoti polisi ukiwa na nambari ya muamala.

Na pesa yenyewe iwe ni ile unayoweza kuiacha ikae miaka. Gari la kuhifadhi haliuziki kwa haraka kama mbuzi siku ya soko, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba bei yake itapanda. Pesa za ada ya shule, stoku ya duka au zamu yako ya chama zisiingie humo.

Ukiwa na tangazo mkononi leo, mwombe muuzaji vitu vitatu tu: nambari ya chesisi, nambari ya usajili ya nchi lilikotoka, na ruhusa ya fundi wako kulikagua. Mwenye gari la kweli atakupa vyote. Akianza kukasirika na kukuharakisha, pesa zako bado ziko kwenye simu yako. Ziache hapo.