Neno la Newala Lililofika Foshan

Julai 2025 mji wa Foshan, kusini mwa China, ulipata maelfu ya wagonjwa wa chikungunya, na watu wakaanza tena kuulizana jina hilo limetoka wapi. Jibu linalopatikana upesi, hata katika maandishi ya kitabibu, ni kwamba ni Kiswahili. Si kweli.

Ni Kimakonde, kutokana na kitenzi kungunyala, yaani kujikunja. Madaktari walilikuta midomoni mwa wagonjwa wa Newala na Masasi, kusini mwa Tanzania, katika mlipuko wa 1952–1953. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walipochapisha taarifa zao mwaka 1955, hawakulitafutia mbadala.

Jina likabaki, ugonjwa ukasafiri; kilichousaidia kufika mbali zaidi ni herufi moja. Vinasaba vya kirusi hiki vina herufi zipatazo 11,800, na kimeng'enya kinachovinakili ni karani anayenakili wosia usiku kwa koroboi, asirudie kusoma alichoandika. Akitaka kuandika "baba" huandika "bata", na bata anarithi shamba la mikorosho. Wosia wa namna hiyo kwa kawaida hutupwa. Ila katika kisiwa cha Réunion, mwaka 2005–2006, bata alishinda kesi: nafasi ya 226 ya protini ya E1, alanini ilipisha valini. Kirusi kilichozoea Aedes aegypti, mbu wa mitungi na mapipa ambayo kwenye uwanda mkavu wa Makonde hayakosekani nyumbani, sasa kikastawi hata ndani ya Aedes albopictus, mbu anayestahimili baridi. Waliougua kisiwani walizidi robo milioni.

Turudi kwenye neno lenyewe: je, Kiswahili kiseme "kikungunya"? Chi- ya Chimakonde ndiyo ki- yetu, na neno lingetulia vizuri katika ngeli ya ki-vi. Lakini lingepoteza kwao. Kirusi (lugha, si kidudu) kimeiheshimu chi hiyo: чикунгунья.

Isitoshe, Kiswahili kina jina lake. Katika mlipuko wa Zanzibar wa 1870, daktari James Christie alisikia "kidinga pepo", jina linalotajwa kuwa chimbuko la neno dengue. Mwaka 1971 mtafiti Carey alitoa hoja kwamba ugonjwa ule wa Unguja ulifanana zaidi na chikungunya. Jina letu likaenda kwa ugonjwa wa jirani, na la Wamakonde likabaki mahali pake.

Watunga kamusi wetu, basi, wakifika kwenye kidahizo hicho, waandike asili yake bila kusita: Kimakonde.