Mabaki ya mbao ni pesa: yatumie kabla hujanunua mbao nyingine

Umemaliza kuezeka nyumba Kiminini, ama fundi amekumalizia kitanda kule Chwele. Nyuma ya nyumba limebaki rundo la vipande vya saiprasi na mkaratusi. Wengi wetu huvipeleka jikoni viwe kuni. Lakini ulishavilipia kwa futi, na mbao si bei rahisi. Serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ikapanda, na ni Julai 2023 ndipo Rais William Ruto alipotangaza kuondoa marufuku hayo.

Kwa hivyo kabla ya kuwasha moto, ng'oa misumari, panga vipande kwa urefu, kisha uone kinachoweza kutoka.

Kiota cha kuku. Kisanduku cha sentimita 30 kila upande kinatosha kuku 4 ama 5 kutaga kwa zamu. Pigilia kipande kifupi mbele ili mayai yasidondoke.

Kigoda ama rafu. Vipande vya futi moja vinatoa kigoda cha jikoni. Vya futi mbili ni rafu ya sufuria.

Sanduku la mboga. Kama unapanga mjini na huna shamba, jaza udongo na mbolea, toboa matundu chini maji yatoke, kisha upande sukuma wiki ama dania.

Maranda. Yale makavu ya randa yatandaze kwenye banda la kuku, na uyabadilishe yakilowa. Vumbi laini la msumeno liache, linawasumbua kuku kupumua.

Chunga mbao zenye dawa

Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, hasa vyenye rangi ya kijani, usivichome kabisa. Dawa hiyo mara nyingi huwa na aseniki, ambayo ni sumu, na hubaki kwenye moshi na majivu. Usivipikie, usimwage majivu yake shambani, wala usitengenezee kiota ama sanduku la mboga.

Ukimwita fundi

Mbao unazo, kwa hivyo unalipia kazi na misumari tu. Hapa ndipo pesa hupotea, basi fanya hivi:

1. Kubalianeni bei yote kabla ya msumari wa kwanza. Mtumie kwa ujumbe mlichokubaliana.
2. Tuseme kazi ni Sh900. Tuma Sh300 akianza na Sh600 akimaliza. Usigawe mara tano, kwani kila unapotuma kunaweza kuwa na ada.
3. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Likiwa si la fundi wako, simama kwanza umpigie.
4. Usifute ujumbe wa malipo. Ndiyo risiti yako mkikosana.

Kama uko Nairobi na kazi inafanywa kwa mama kule Kimilili, ngoja mama aone kazi kwa macho yake na akupigie simu, ndipo utume salio.

Na ukiona mtandaoni mtu anauza vipande vya mbao kwa bei ya kutupa, halafu anataka "pesa ya usafiri" kwanza, usitume. Nenda yadi, shika mbao, kisha ulipe. Hakuna fundi wala muuzaji anayehitaji PIN yako.