Unataka Kuweka "Of Mice and Men" Jukwaani Mishomoroni? Mambo 7 ya Kujua Kabla Mbogi Yako Ianze Mazoezi

Cheki hii picha. Wasee wawili wametoroka kazi moja, wanatembea kwa mguu kutafuta ingine. Mmoja ni mdogo wa mwili lakini kichwa kinachapa kazi. Mwingine ni jitu la mtu, anabeba magunia mawili bila kujikuna, ila akili yake ni ya mtoi. Mfukoni hawana kitu, kichwani wana ploti. Siku moja watanunua kashamba kao, wafuge sungura, na hakuna bosi atawapigia kelele tena.

Ukidhani naongea juu ya makuli wa Kongowea ama wasee wa mjengo pale Mwandoni, uko karibu sana. Hao ni George na Lennie, wa kitabu Of Mice and Men, kilichotoka Marekani 1937. Mwandishi ni John Steinbeck. Kama ulifanya KCSE miaka michache iliyopita pengine unamjua kupitia The Pearl, ile ya mvuvi Kino na lulu yake.

Nilikutana na hiki kitabu baada ya kuacha chuo. Karo iliisha, nikaingia mjengo, na mfukoni nilikuwa na nakala imechanika kava. Mchana nabeba mawe, jioni nasoma juu ya wasee wanaobeba magunia. Nikasema hii lazima ichezwe mtaani siku moja. Basi kama una kikundi cha vijana Mishomoroni na mmechoka kuigiza zile za "usitumie dawa za kulevya" kila wikendi, soma hii mpaka mwisho.

Kwanza, mbona hadithi ya Wazungu wa zamani?

Uchumi wa Marekani ulianguka 1929. Kufika 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Watu walizunguka mashambani wakitafuta kibarua cha wiki moja, wiki mbili, kisha barabarani tena.

Mombasa haikuwa mbali na hayo. Mwaka wa 1939, ule ule Steinbeck alitoa The Grapes of Wrath, wafanyakazi wa hapa waligoma. Mgomo ulianza mwisho wa Julai na watu wa idara ya kazi za umma, ukaingia bandarini Agosti. Kilio kilikuwa mshahara mdogo na kodi ya nyumba. Serikali ya mkoloni ikabidi iunde tume kuchunguza. Kwa hivyo babu zetu walikuwa wanaishi hicho kitabu wakati kinaandikwa.

1. Chagua kitabu kinachoingia uwanjani

The Grapes of Wrath ni moto, lakini ni familia nzima ndani ya lori kutoka Oklahoma mpaka California. Ilipowekwa jukwaani na Steppenwolf kule Chicago 1988, Frank Galati ndiye aliigeuza mchezo, na 1990 ikabeba Tony huko Broadway. Walikuwa na gari na maji jukwaani. Wewe una tenti na viti vya plastiki.

Of Mice and Men ni kitu kingine. Steinbeck aliiandika makusudi iwe riwaya ambayo pia inachezeka. Sura 6, wahusika 10, sehemu 4 tu: kando ya mto, bweni la vibarua, kachumba cha Crooks, na ghala. Inaanza Alhamisi jioni, inaisha Jumapili jioni. Tena kabla Broadway kuichapa Novemba 1937, kikundi cha San Francisco kinaitwa Theatre Union kilikuwa kimeshaicheza mwezi wa Mei, moja kwa moja kutoka kwa kitabu. Kwa hivyo usiogope.

2. Haki za mwandishi

Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi ya mwandishi mpaka miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Steinbeck alikufa Desemba 1968. Piga hesabu: tangu Januari 2019, riwaya yenyewe iko huru hapa kwetu. Chukua kitabu, tafsiri, andika skripti yako.

Lakini kaa rada kwa mambo mawili. Skripti ya mtu mwingine, kama ile ya Galati, bado ina mwenyewe. Na ukirekodi mchezo ukauweka YouTube, umeingia Marekani, ambako kitabu cha 1937 kinalindwa mpaka mwisho wa 2032. Cheza live, wachana na kamera.

3. Hamisha hadithi, usiibebe mzimamzima

Nyerere alimleta Shakespeare kwa Kiswahili, tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka 1963. Wewe pia unaweza. George na Lennie wawe makuli. Ghala liwe la nafaka, mto uwe mkono wa bahari pale upande wa Junda. Waongee vile wasee huongea, si Kiswahili cha taarifa ya habari.

Kwa pesa kuwa makini. Kwa kitabu, shamba ni dola 600 na mshahara ni dola 50 kwa mwezi. Halafu mzee Candy, aliyekatwa mkono na mashine, anasema ana dola 350 za kuweka. Hapo ndipo ndoto inageuka kuwa kitu cha kweli, sababu zaidi ya nusu imepatikana. Usibadilishe dola kwa shilingi za leo. Tafuta bei ya ploti ambayo kila mtu mtaani ameisikia, halafu mpe mzee wako zaidi ya nusu yake. Utasikia uwanja umenyamaza.

Hapa kwetu ploti ina uchungu wake. Mombasa kuna watu wengi wenye nyumba bila ardhi: kuta ni zako, mabati ni yako, lakini chini ni kwa mwenyewe na unamlipa kodi. Mtu kama huyo hahitaji kuelezewa George anaota nini.

4. Lennie si komedi

Hapa ndipo vikundi vingi vitachoma. Tumezoea mwenye akili pungufu akiingia jukwaani, analegeza mdomo, anatembea kombokombo, watu wanakufa kicheko. Ukifanya hivyo umemaliza mchezo.

Watu watacheka mwanzo, na ni sawa, sababu Lennie ana maneno yake. Acha wacheke neno, wasicheke mwili. Mwambie mwigizaji acheze mtu mzima anayejitahidi kukumbuka kitu alichoambiwa asisahau. Katika ule umati kuna mama ana mtoto kama Lennie, na pengine amemfungia ndani siku hiyo ili asichekwe.

5. Crooks ni nani Mishomoroni?

Kwa kitabu Crooks ni mtu mweusi, analala peke yake sababu wengine hawamtaki bwenini. Sisi wote ni weusi, sasa yeye awe nani? Jibu unalijua. Kila mtaa una mtu wa kuitwa "si wa hapa". Mwaka wa 1997 kule Likoni, walioitwa watu wa bara walivamiwa, wengi wakauawa na maelfu wakahama. Si hadithi ya zamani sana.

Ushauri wangu: usimpe kabila. Mpe kitanda cha peke yake na kikombe cha peke yake, na kila mtu amwite "yule". Kila mtazamaji atajaza jina mwenyewe, na hapo ndipo itamuuma.

6. Msichana mmoja, na hana jina

Kuna mwanamke mmoja tu kwa mchezo mzima, na Steinbeck hakumpa jina. Ni mke wa Curley, basi. Alitaka kuwa staa wa filamu, akaishia kwa ndoa ambayo hakuna mtu wa kuongea naye. Wanaume wanamwona balaa. Usimvike kama balaa.

Na huyo atakayeigiza, linda jina lake mtaani. Nenda kwao, salimia wazazi, eleza mchezo mzima pamoja na mwisho. Mazoezi yaishe mapema na mama mmoja awepo. Pwani ukipuuza hiyo, wiki ya pili huna mwigizaji.

7. Saa, mahali, na hakuna bastola

Fungeni njia ya mtaa kama vile hufungwa ya harusi, ama muombe uwanja wa shule. Ongea na chifu na wazee wa mtaa mapema. Usisahau Kamirithu: Oktoba 1977 wanakijiji waliojenga jukwaa lao wenyewe walicheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na kufika katikati ya Novemba leseni ilikuwa imefutwa. Mchezo wa vibarua na ardhi huwa unasikika mpaka kwa wakubwa.

Anza saa kumi na nusu, Alasiri ikiwa imeswaliwa, umalize saa kumi na mbili kabla ya adhana ya Magharibi. Mwisho wa hadithi ni jioni kando ya maji, kwa hivyo jua litakufanyia kazi ya taa bure.

Kwa kitabu kuna bastola. Wewe usilete hata ya plastiki. Kijana na kitu kinachofanana na bunduki Kisauni, jioni, hiyo ni noma. Tumia debe. Pigo moja tu.

Sasa huo mwisho

Kama hujasoma kitabu na hutaki kuharibiwa utamu, simama hapa.

Lennie anamuua yule mwanamke bila kukusudia. Anapenda kushika vitu laini, anamshika nywele, anapiga kelele, Lennie anaogopa, shingo inavunjika. Wanaume wanatoka kumsaka. George anamfikia kwanza, anamwambia aangalie ng'ambo ya maji, anamsimulia tena ile ploti yao na sungura. Halafu anampiga risasi kwa nyuma.

Marekani wanabishana kama George alikuwa na haki. Mishomoroni watu wataelewa haraka kwa nini alikimbia kufika kwanza. Kila mtu hapa anajua ile kelele ya "mwizi!" na anajua dakika kumi baadaye kunakuwa na nini barabarani. Wengine waliwahi kukimbia na umati, mawe mkononi.

Vikundi vyetu vimezoea kusimamisha mchezo kwenye njia panda na kuuliza watu: afanye nini? Huo mtindo ulitumika sana kwa kampeni za ukimwi. Hapa usisimamishe mwishoni. Ukiuliza pale, watu watatoa jibu zuri na kwenda nyumbani wakijiona wazuri.

Simamisha mapema. Kwa kitabu, mzee Candy ana mbwa amezeeka, ananuka, na wenzake wanataka auawe. Mfanye awe punda mzee wa mkokoteni, amefungwa nje. Uliza uwanja: tumuue ama tumwache? Wengi watapiga kelele amalizwe, hana kazi tena. Sawa, mpeleke nyuma ya tenti. Kimya. Halafu debe, pigo moja.

Saa nzima baadaye, George amesimama nyuma ya Lennie, jua linaingia, piga debe lile lile kwa nguvu ile ile. Mtu asitoke kusema somo lolote. Waigizaji wakae tu chini pale pale, mpaka mmoja wa wale waliosema punda amalizwe aanze kuongea. Kwetu atakuwepo.