Dawa Inayouzwa kwa Kilo

Wilayani Santai, mkoani Sichuan, kusini magharibi mwa China, mmea wa dawa uitwao maidong huvunwa mwezi Aprili. Juu ya ardhi huoni kitu ila majani membamba ya kijani iliyokolea, mithili ya nyasi. Chimba ndipo utakapokuta mali: vijizizi vilivyovimba sehemu sehemu, rangi yake nyeupe iliyoingia manjano, vitamu kidogo ukivitafuna na vyenye utelezi. Vinundu hivyo Wachina wamevichemsha kwa karne nyingi kutibu kikohozi kikavu na koo lililokauka.

Mkulima hulipwa kwa kilo, na kinundu kinene kina bei kuliko chembamba. Ndiyo maana paklobutrazoli ilipofika mashambani ilipokewa kwa mikono miwili. Kemikali hii huuzuia mmea kutengeneza jibarelini, homoni inayorefusha majani na mashina. Majani yakidumaa, chakula kingi huteremka chini na mizizi ikanenepa. Mavuno huongezeka kwelikweli, na mwenye watoto wa kusomesha hawezi kulaumiwa kwa kuyatamani.

Tatizo limo ndani ya kinundu. Watafiti waliopima maidong iliyopuliziwa dawa hiyo wamekuta saponini na flavonoidi zimepungua, na hizo ndizo zinazotegemewa katika tiba. Tena paklobutrazoli haiishi upesi. Hukaa udongoni miezi mingi, na masalia yake yamekutwa kwenye mizizi yenyewe, ile inayoingia chunguni mwa mgonjwa.

Sisemi kila kirekebishi cha ukuaji wa mimea ni kibaya. Pakanga ya China, inayolimwa hata huku Afrika Mashariki kwa ajili ya artemisinini ya kutibu malaria, imepuliziwa jibarelini katika majaribio na artemisinini ikaongezeka. Lakini artemisinini hukamuliwa kiwandani na kupimwa kabla haijawa kidonge. Maidong hupimwa kwa mizani na kwa macho ya mnunuzi.

Machi 2022 mamlaka za China zilitoa kanuni mpya za uzalishaji bora wa mimea dawa, zikakataza waziwazi vichocheo vya kunenepesha sehemu inayovunwa. Naziunga mkono kabisa. Ila mzigo wote usitwikwe mkulima. Wanaonunua maidong Santai wapeleke sampuli maabara, wapange bei kwa kiasi cha saponini, na wakubali kulipia vinundu vidogo kuliko walivyozoea.