Aliyeumia kichwa asiachwe alale peke yake

Kijana mmoja wa kijiji chetu alianguka kutoka juu ya mwembe saa 10 jioni. Aliinuka mwenyewe, akacheka, akala ugali. Kisha akalala. Wazee wakasema, "Mwacheni apumzike."

Lakini shemeji yake, aliyejifunza kusoma katika kisomo, hakumwacha. Alimwamsha mara kwa mara na kuandika katika daftari lake: "Saa 1, anaongea vizuri. Saa 2, ametapika. Saa 3, anakoroma, haamki."

Nilipoitwa nilisoma daftari lile. Nilihofu kuwa damu inavuja ndani ya kichwa. Tulimpeleka hospitali usiku ule ule.

Ubongo ni laini, nao umo ndani ya fuvu gumu kama kifuu cha nazi. Fuvu halitanuki. Damu ikivuja, ubongo hubanwa. Ukibanwa sana, mtu huacha kupumua.

Upasuaji wa ubongo hufanywa katika hospitali kubwa, kama Bugando, Mwanza, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Katika wodi ya wagonjwa mahututi, kichwa cha mgonjwa huinuliwa kidogo. Mashine humsaidia kupumua. Wauguzi humulika macho yake kwa tochi, mchana na usiku.

Kipo pia kipimo kisichohitaji mashine. Kilitungwa mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett wa mji wa Glasgow, Scotland. Kinauliza mambo matatu. Je, anafungua macho? Je, anasema maneno ya kueleweka? Je, akiambiwa inua mkono, anainua? Alama za juu ni 15, za chini ni 3. Mwenye 8 au chini yake yu mahututi.

Nawe unaweza kuuliza hayo matatu nyumbani. Kumbuka:

1. Akitapika, akipata degedege, akilegea upande mmoja, au asipoamka, apelekwe hospitali mara moja.
2. Asiyejitambua asipewe maji wala uji. Vitaingia mapafuni.
3. Mlazeni kwa ubavu. Mgeuzeni watu watatu pamoja, shingo isipinde.
4. Andika saa na ulichokiona.

Kijana yule alipasuliwa, damu ikatolewa. Leo analima, ingawa mkono wake wa kushoto bado ni mzito. Daktari aliliomba daftari la shemeji kabla ya kuniuliza mimi.