Neno Neema na Mwito wa Wenye Dhambi

Kila lugha iliyopokea dini mpya imelazimika kuyatwika maneno yake ya zamani mizigo mipya. Kiswahili kilifanya hivyo kwanza kwa Uislamu, kwa muda wa karne nyingi, kisha kwa Ukristo, hasa tangu Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na Steere alipofika Unguja mwaka 1864. Makala haya yanakusudia kueleza fundisho moja la Kikristo, yaani neema ya Mungu na mwito wa wenye dhambi, kwa kuyachungua maneno yanayolichukua. Sikusudii kuhubiri, hiyo ni kazi ya wengine. Lakini msomaji, awe Mkristo au asiwe, atakubali kwamba fundisho halifahamiki maneno yake yasipofahamika.

Neema ni neno lenye asili ya Kiarabu, na watu wa pwani walilijua kabla ya kuja wamisionari. Katika mazungumzo ya kila siku maana yake ni riziki tele na raha. Mvua ikinyesha vema na mavuno yakijaa ghalani, twasema mwaka huu ni wa neema. Mtu akitajirika, twasema ameneemeka. Neno la Kiyunani lifasiriwalo neema ni kharis, nalo lina habari nyingine. Ni la ukoo mmoja na kitenzi cha kufurahi, na Wayunani walilitumia kwa uzuri upendezao, kwa hisani ya mkubwa kwa mdogo, na kwa shukrani irudishwayo. Mtume Paulo alilipa maana ya pekee: kipaji cha Mungu kwa mtu asiyestahili. Katika Waraka kwa Warumi, mlango wa 4, analitenga kabisa na ujira: mtenda kazi hulipwa haki yake, wala hakuna aiitaye haki hiyo kipaji.

Hapo ndipo ilipo hatari. Mkulima ambaye shamba lake limekauka, akisikia kwamba neema ya Mungu i juu ya waaminio, aweza kudhani kwamba yeye amesahauliwa, kwa kuwa ghala lake ni tupu. Na jirani yake tajiri aweza kudhani kwamba mali yake ni hati ya wokovu. Wote wawili wamelisikia neno la Kiswahili sawasawa. Walakini fundisho hawakulisikia.

Je, palikuwa na neno bora? Fadhili lina deni ndani yake: afadhiliwaye hutazamiwa kulipa, na asipolipa huambiwa kwamba fadhila za punda ni mateke. Rehema ni huruma kwa aliye mashakani, lakini si lazima iwe na kipaji. Karl Roehl, ambaye tafsiri yake ya Biblia nzima ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kutumia ya Kibantu mahali pake. Hata hivyo Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 ililishika neno neema, na waumini wamelizoea. Basi kazi iliyobaki si kulibadili neno, bali kulieleza.

Neno la pili litupasalo kulitazama ni bure, nalo lina makali pande mbili. Kitu cha bure ni kitu kisichouzwa; kazi ya bure ni kazi isiyo na faida. Kwa maana ya kwanza Paulo anafundisha, katika Warumi 3, kwamba mwenye dhambi huhesabiwa haki bila kulipa. Kwa maana ya pili anawaonya Wakorintho, katika Waraka wa Pili, mlango wa 6, wasiipokee neema ikawa haina matunda. Kiyunani kina maneno mawili mbalimbali hapo. Tafsiri ya Muungano ina bure mahali pote pawili. Jambo hili si kasoro tu, maana linatukumbusha kwamba kisicholipiwa chaweza kudharauliwa. Ndilo onyo alilolitoa mchungaji wa Kijerumani, Dietrich Bonhoeffer, mwaka 1937, alipoilaumu neema rahisi. Na Kiswahili, kwa neno rahisi, husema pamoja kitu cha bei ndogo na kitu kisicho na taabu.

Sasa tutazame mwito. Injili za Mathayo na Marko hazina neno kharis hata mara moja, lakini zina kisa cha mtoza ushuru aliyeitwa akiwa angali ameketi forodhani. Waliomlaumu Yesu kwa kula na watu wa namna hiyo waliambiwa kwamba hakuja kwa ajili ya wenye haki bali wenye dhambi. Na Luka anaongeza kwamba waitwa wapate kutubu. Tuangalie utaratibu: mwito ulitangulia, na kuondoka forodhani kulifuata. Mtu hakutengenezwa kwanza ndipo akaitwa.

Kiswahili kina vitenzi viwili hapa, ita na itika, na cha pili kimezaliwa na cha kwanza. Hakuna aitikaye asiyeitwa. Mtoto aliyelelewa vema akiitwa na mkubwa hanyamazi. Husema “Labeka” au “Naam”. Je, kuitika huko ni kwake mwenyewe, au nako ni kipaji? Pelagius alisema mtu aweza kwa nguvu zake. Augustine (354–430), askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, alijibu kwamba hata kutaka kuitika ni neema. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 uliyakataa mafundisho ya Pelagius. Mabishano yalirudi kwa nguvu katika siku za Luther. Na mwaka 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa stahili yake.

Mwisho ni okoka. Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda tangu miaka ya 1930 ulilieneza sana tamko “nimeokoka”. Kwa sarufi si kosa. Lakini okolewa huruhusu kumtaja mtenda: ameokolewa na Mungu. Okoka humnyamazia, kama tusemavyo kwamba chombo kilizama, mabaharia wakaokoka. Msikilizaji asiyefundishwa aweza kudhani kwamba msemaji anajisifu, na pengine msemaji mwenyewe akadhani hivyo. Basi mwalimu wa dini na amwulize mwanafunzi wake swali dogo la sarufi: umeokolewa na nani? Akilijibu hilo vema, amekwisha kuifahamu neema.